Mwani wa Zanzibar na Mgomba wa Itaba



Ndugu msomaji, kati ya maswali ambayo sisi wanafunzi wa biolojia huulizwa na wenzetu wa vitivo vingine, moja hurudi kila mwaka wanapoingia wapya: ile jeli mnayoishika maabarani, ile inayoganda kwenye visahani, si ya nguruwe? Jibu fupi ni kwamba si ya nguruwe, wala ya ng'ombe, wala ya mnyama yeyote. Ni ya mwani wa baharini. Jibu refu ndilo somo la leo, na nimelichagua kwa sababu mwani unatuhusu kuliko tunavyodhani sisi tuliozaliwa milimani.

Mimi natoka Itaba, mkoani Gitega. Kutoka kwetu hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita elfu moja, na mtu wa kwetu anaweza kuzeeka bila kuonja maji ya chumvi. Maji makubwa tunayoyajua ni Ziwa Tanganyika, ambalo linatupa ndagala na mukeke, lakini maji yake si ya chumvi na mwani ninaouzungumzia hauoti humo. Hata hivyo, dawa ya meno unayopigia mswaki asubuhi, maziwa ya chokoleti ya pakiti yanayouzwa madukani, na mche wa mgomba uliotoka maabara, vyote huenda vina mwani ndani yake au vimepita mikononi mwake.

Kwanza tuelewe mwani ni nini. Watu huuita majani ya bahari, lakini hauna mizizi ya kunyonya maji wala maua wala mbegu kama maharage. Unashika jiwe au kamba, na unakula kwa mwili mzima kutoka katika maji yanayouzunguka. Wataalamu wameugawa kwa rangi: wa kijani, wa kahawia na mwekundu. Ule wa kahawia hutoa alginati, ambayo daktari wa meno huitumia kuchukua umbo la taya lako. Somo letu ni juu ya mwani mwekundu, kwa sababu ndio unaotoa agari na karaginani, na ndio unaolimwa na majirani zetu wa Zanzibar.

Mapishi yaliyoingia maabarani

Mnamo 1881, huko Berlin, daktari Walther Hesse alikuwa akifanya kazi katika maabara ya Robert Koch. Shida yao ilikuwa moja: walihitaji kitu kigumu cha kuoteshea bakteria, ili kila aina ikae peke yake isichanganyike na nyingine. Walitumia jelatini, inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Lakini bakteria wanaowadhuru watu hupenda joto la mwili, nyuzi 37, na jelatini kwa joto hilo huyeyuka ikawa maji. Zaidi ya hapo, baadhi ya bakteria huila.

Aliyetoa dawa ya tatizo hilo ni mkewe, Fanny Hesse, ambaye alikuwa akimsaidia mumewe kuchora picha za vijidudu. Yeye jikoni kwake alitumia agari kugandisha vyakula vyake vitamu, na ujuzi huo aliupata kwa jirani aliyewahi kuishi Java. Agari huyeyuka karibu na nyuzi 85, na ikishayeyuka haigandi tena mpaka ipoe kufikia nyuzi 40 au chini yake. Na bakteria wengi hawawezi kuila. Mwaka 1882 Koch alipotangaza kwamba amemgundua kijidudu cha kifua kikuu, aliitaja agari, bila kulitaja jina la bibi huyo. Nimeona vitabu vya kiada vinavyomtaja Petri na kisahani chake cha 1887, vikampita Fanny kana kwamba agari ilishuka yenyewe.

Hapa nitoe tahadhari kwa wale wanaouliza kuhusu uhalali. Agari yenyewe ni ya mwani, lakini haitumiki peke yake. Bakteria wanahitaji chakula, na chakula hicho, peptoni, mara nyingi hutolewa katika nyama au maziwa. Ipo pia inayotoka kwa nguruwe. Kuna agari nyingine inayochanganywa na damu ya kondoo. Kwa hiyo mwenye kutaka kujua asome kibandiko cha kopo lote, si jina la agari tu. Hakuna anayekula vitu hivyo, na kunawa mikono kabla ya kutoka maabara ni sheria kwa Mwislamu na asiye Mwislamu.

Chupa ya mgomba

Kwetu Itaba, kama kwa wenzetu wa Muyinga, mgomba ni akiba ya nyumba. Tangu zamani tunauzalisha kwa kung'oa chipukizi na kulipanda mahali pengine. Njia hii ni rahisi na haina gharama, lakini kila chipukizi ni nakala ya mama yake, na mama akiwa na ugonjwa, mtoto anazaliwa nao. Ndivyo mnyauko wa bakteria, tunaouita kirabiranya, unavyoweza kutoka shamba moja hadi jingine mikononi mwa mtu mwema aliyemzawadia jirani yake mche.

Maabara ya miche hufanya kinyume. Huchukua ncha ndogo ya ukuaji iliyo ndani kabisa ya chipukizi lililokaguliwa, huisafisha, na kuiweka ndani ya chupa yenye chakula chake: chumvi za madini, sukari, vitamini na homoni za mimea. Mchanganyiko unaotumika zaidi duniani ulitungwa na Murashige na Skoog mwaka 1962. Chupa hupikwa kwa mvuke wa nyuzi 121 ili kuua kila kijidudu. Ncha ile huchipua, machipukizi yakagawanywa na kuwekwa katika chupa mpya, na kadhalika, mpaka kutoka ncha moja vinapatikana vitoto vingi visivyo na ugonjwa uliokaguliwa.

Sasa, kitu gani kinakishikilia kitoto kile kisimame ndani ya chupa na kisizame? Ni agari, gramu sita hadi nane kwa kila lita. Bila hiyo kinalala majini na kuoza.

Agari hiyo hutoka hasa katika mwani wa jamii za Gelidium na Gracilaria. Gelidium haulimwi kwa urahisi. Sehemu kubwa huvunwa wa porini, na Moroko ndiyo nchi inayotegemewa zaidi. Moroko ilipopunguza mwani unaotoka nchini kwake ili usiishe, maabara za dunia nzima zilianza kulalamika, na kufikia 2015 upungufu ulikuwa habari ya magazeti ya sayansi. Maabara tajiri ilinunua kwa bei ya juu. Maabara ya nchi kama yetu, ambayo kila kopo linaingia kwa fedha za kigeni, hupunguza idadi ya chupa. Na chupa zikipungua, anayekosa mche safi ni mkulima wa mlimani.

Wanawake wa maji ya bamvu

Je, Afrika Mashariki haina mwani? Inao, tena mwingi, ila ni wa namna nyingine. Tangu miaka ya 1930 watu wa pwani walikuwa wakiokota mwani wa porini na kuuza ng'ambo, mpaka biashara hiyo ikaanguka katika miaka ya 1970. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa mtu wa mbele katika kuutafiti na kuhimiza ulimwe badala ya kuokotwa. Kilimo cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja kama Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Kikaenea Pemba, kikavuka bara hadi Tanga na Mtwara, na Kenya wakakichukua Kibuyuni, kaunti ya Kwale.

Namna ya kulima ni hii. Vigingi hupigwa mchangani kwa safu mbili, kamba ikavutwa kati yake, na vipande vya mwani hufungwa kwenye kamba kwa vikamba vidogo wanavyoviita taitai. Kazi hufanywa wakati wa maji ya bamvu, pale bahari inapokupwa mbali na kuacha mchanga wazi. Baada ya wiki sita hivi mwani unavunwa, unaanikwa juani, na kilo saba hadi kumi za mwani mbichi zinabaki kilo moja kavu. Wakulima wanahesabiwa kuwa zaidi ya elfu ishirini Zanzibar, na walio wengi mno ni wanawake. Mwanzoni wanaume waliidharau kazi hii wakiona ni ya fedha ndogo, lakini fedha hiyo ndogo imesomesha watoto na kuezeka nyumba kwa mabati. Msidhani lakini ni kazi nyepesi: ni kuinama saa nyingi ndani ya maji ya chumvi, jua likipiga juu na kuakisi chini machoni, kisha kubeba mzigo mzito unaochuruzika maji kichwani.

Aina zinazolimwa ni mbili, na tofauti yake ndiyo kiini cha somo hili. Ya kwanza ni spinosumu, ya pili ni kotonii. Zote hutoa karaginani, lakini si karaginani moja. Karaginani ni mnyororo mrefu wa sukari wenye vikundi vya salfati vilivyoning'inia, na salfati hubeba chaji hasi. Chaji hasi zinasukumana. Kotonii hutoa kapa-karaginani, yenye salfati moja kwa kila jozi ya sukari. Minyororo yake inaweza kusogeleana na kusokotana, na ikipata potasi inaganda ngumu kama agari. Spinosumu hutoa iota-karaginani, yenye salfati mbili. Hiyo huganda laini, ikinesa, na hupenda kalisi. Ipo pia lamda yenye salfati tatu, inayotoka katika mwani mwingine, ambayo haigandi kabisa bali hufanya uji mzito. Mwanafunzi akilishika jambo hili moja, hahitaji kukariri mengine.

Kwa kuwa kapa huganda ngumu, viwanda huitaka zaidi, na kotonii huwa na bei bora kuliko spinosumu. Na hapo ndipo penye msiba. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotonii imekuwa ikifa Zanzibar. Maji ya kina kifupi yanapata joto kupita kiasi, mwani unadhoofika, ncha zake zinageuka nyeupe kama barafu na kukatika. Mashamba mengi yamebaki na spinosumu, ambayo inastahimili zaidi lakini inalipa kidogo. Dkt. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, amefanya kazi kwa miaka na wakulima hao, akijaribu nao nyavu zenye umbo la bomba zinazoweza kuwekwa katika maji ya kina kirefu ambako joto ni dogo. Kikwazo chake kinaeleweka: kina kirefu kinataka mashua na kuogelea, na wanawake wengi wa vijiji hivyo hawakufundishwa kuogelea.

Tazama sasa jinsi mwani na mgomba ulivyo ndugu. Kotonii nao huzalishwa kwa kukata kipande na kukifunga upya. Shamba zima ni nakala za vipande vichache vilivyoletwa kutoka ng'ambo. Hakuna aliye tofauti, kwa hiyo kinachomuua mmoja kinawaua wote. Dawa yake kwa sehemu ni ileile ya mgomba: kuanzia na kipande kidogo kisafi maabarani, kukizalisha, na kuchagua vinavyostahimili joto. Indonesia tayari inazalisha mbegu za kotonii kwa njia hiyo. Mwani uliosimamisha mche wetu wa mgomba katika chupa, wenyewe sasa unahitaji chupa.

Kapsuli, na tamaa ya dawa

Turudi kwenye suala la halali, maana hapa karaginani ina kazi kubwa kuliko maabara. Kapsuli nyingi za dawa hutengenezwa kwa jelatini, na jelatini nyingi duniani hutoka kwa nguruwe. Wanazuoni wamejadili kama nguruwe akibadilishwa kikemia hukumu yake inabadilika. Wapo waliosema ndiyo na wapo wengi waliokataa, na mgonjwa ana hukumu zake za dharura. Mjadala huo waulizwe wenye elimu yake. Ninachoweza kusema kama mwanafunzi wa sayansi ni kwamba iko njia ya kuukwepa. Kapsuli laini zinaweza kutengenezwa kwa wanga na iota-karaginani, yaani kwa ule mwani wa spinosumu unaolipwa vibaya Zanzibar. Msingi wa fiqhi ni kwamba vitu asili yake ni halali mpaka ije dalili ya kuvikataza, na Sura Al-Maida aya ya 96 imetaja uhalali wa vya baharini.

Wengine huuliza juu ya alkoholi, kwa sababu kiwandani karaginani mara nyingi hutengwa kwenye maji kwa isopropanoli. Isopropanoli si pombe ya kunywewa; ni sumu ya kusafishia, na hukaushwa kabla ya unga kuuzwa. Kwenye pakiti za chakula utaona namba: agari ni E406, karaginani ni E407, na mwani uliosafishwa nusu ni E407a. Jelatini kwa kawaida huandikwa kwa jina lake. Zikariri, zitakusaidia dukani.

Upande wa bioteknolojia yenyewe, kapa-karaginani imefanya mambo ya ajabu. Katika miaka ya 1970 Ichiro Chibata na wenzake wa Tanabe Seiyaku, Japani, walifungia bakteria hai ndani ya vipande vya jeli hiyo, malighafi ikapitishwa juu yake upande mmoja, na asidi ya amino ikatoka upande wa pili, siku nyingi mfululizo, bila kuwapoteza bakteria wale. Wanaotafiti dawa za kupunguza uvimbe huchoma karaginani kidogo mguuni mwa panya ili uvimbe, kisha wakapima kama dawa yao inaushusha. Nalo ni funzo: kitu kinacholiwa salama si lazima kiwe salama kwenye sindano.

Nasema hivyo kwa sababu nimeanza kuona watu wakiuza unga wa mwani kama tiba ya kila ugonjwa. Karaginani huzuia virusi kadhaa ndani ya chupa za maabara, na iota-karaginani ya kupuliza puani inauzwa Ulaya kwa ajili ya mafua. Lakini jeli ya karaginani iliyoitwa Carraguard ilijaribiwa Afrika Kusini kwa wanawake zaidi ya 6,000 ili iwakinge na virusi vya UKIMWI, na matokeo yaliyotangazwa 2008 yalionyesha kwamba haikuwakinga. Maabarani ilikuwa imefanya kazi vizuri. Mtu akikuuzia mwani kwa ahadi ya kuponya sukari na saratani, muulize ulijaribiwa kwa watu gani.

La kujaribu sisi wenyewe

Mwani mwingi wa Zanzibar huondoka ukiwa mkavu ndani ya magunia, hugeuzwa unga Ulaya, Asia na Marekani, kisha unga hurudi Afrika kwa bei ya unga. Wanawake wa Kidoti na Bweleo wamejitahidi kutengeneza sabuni ya mwani, na ni vizuri, lakini sabuni haimalizi kazi. Kutoa jeli inayofaa chupa za migomba si jambo lililo mbali na uwezo wetu. Kapa-karaginani imeshatumika kugandisha chakula cha miche badala ya agari, na mchanganyiko wa Murashige na Skoog una gramu 1.9 za potasiamu nitrati kwa lita, yaani potasi inayohitajika kugandisha kapa tayari imo.

Kwa hiyo nawapendekezea wenzangu wa kemia na biolojia jaribio hili. Ndugu anayesafiri Dar es Salaam au Zanzibar aombwe kilo moja ya kotonii kavu na kilo moja ya spinosumu. Oshea chumvi na mchanga mpaka maji yawe safi. Chemsha gramu 30 katika lita moja kwa saa moja, chuja kwa kitambaa ingali moto, ugawe katika vikombe vitatu. Kimoja kiache kilivyo, cha pili kitie kloridi ya potasiamu kidogo, cha tatu kloridi ya kalisi. Utaona kwa macho yako lile somo la salfati.

Kisha irudie kotonii kwa kuichemsha katika alkali, maana viwandani alkali huondoa baadhi ya salfati na kuifanya jeli iwe ngumu zaidi. Viwanda hutumia alkali kali ya kununua. Katika nchi hizi za maziwa makuu watu wamejua tangu zamani kuchuja magadi kutoka katika majivu ya maganda ya ndizi, na majivu hayo yana potasi nyingi na ukali wa alkali. Jaribu maji ya majivu, pembeni yake jaribu alkali ya dukani, na cha tatu kiwe agari ya gramu saba kwa lita kama kipimo. Pima pH kabla ya kuendelea, kwa kuwa mche wa mgomba unapenda 5.8 na majivu yatakuwa juu sana. Jeli ioshwe mpaka ishuke. Vikombe vyote vipoe kwa saa moja, halafu vigeuzwe juu chini. Ambacho jeli yake haikuanguka ndicho cha kupelekwa chumba cha miche, kiwekewe ncha ya mgomba, na kiandikwe tarehe.

Wabillahi tawfiq.